Kivinjari Mbadala Kinasumbua? Tafuta Chanzo Kabla ya Kuzima Ulinzi

Malalamiko ya watu waliohama Chrome kwenda LibreWolf, Brave, Vivaldi, Mullvad Browser au Tor Browser yanafanana sana. Akaunti zinajifunga zenyewe, picha zinaharibika zikipakiwa, kalenda inaonyesha saa zisizo zake, na kutwa nzima mtu anaambiwa athibitishe kwamba si roboti. Akichoka, anaingia kwenye mipangilio na kuzima kila anachokishuku hadi ukurasa ufunguke. Ukurasa unafunguka kweli. Lakini hajui ni kipi kati ya alivyovizima ndicho kilichokuwa kikizuia, na vingine vyote vinabaki vimezimwa kwenye tovuti zote, zikiwemo zile zilizomfanya ahame.

Sehemu kubwa ya hitilafu hizi inatokana na ulinzi wenyewe: tovuti imezoea kupewa kila inachoomba, na kivinjari kipya kimekataa. Kwa hiyo kila dalili hapa chini nimeipangia visababishi, kuanzia kile kinachotokea mara nyingi hadi cha nadra, na kila ninaposema ulegeze kitu nimeeleza pia unachokipoteza.

Hatua za kwanza kwa dalili yoyote

Fungua ukurasa uleule kwenye kivinjari kingine. Ukigoma huko pia, tatizo ni la tovuti au la mtandao wako, na hakuna haja ya kugusa mipangilio.

Ukifunguka huko, rudi kwenye kivinjari chako na ushushe ulinzi kwa tovuti hiyo moja tu. Brave ina alama ya simba kwenye upau wa anwani, na vivinjari vya familia ya Firefox vina alama ya ngao kushoto mwa anwani. Kisha zima viendelezi (programu ndogo ulizoongeza kwenye kivinjari) kimoja baada ya kingine. Bado? Jaribu wasifu mpya usio na kitu, yaani kivinjari kilekile kikianza na mipangilio mitupu (kwenye familia ya Firefox andika about:profiles kwenye upau wa anwani). Wasifu mpya ukifanya kazi, kosa liko kwenye mipangilio yako ya zamani, na hapo umeshajua pa kutafuta.

Jua pia familia ya kivinjari chako, kwa sababu tiba zinatofautiana. Brave, Vivaldi, Opera, Edge na ungoogled-chromium vimejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome. LibreWolf, Mullvad Browser na Tor Browser vinatokana na Firefox.

Dalili: natolewa kwenye akaunti kila nikifunga kivinjari

Kisababishi kikuu ni kwamba kivinjari kinafuta vidakuzi (cookies, alama ndogo ambazo tovuti hukukumbuka nazo) kikifungwa. LibreWolf inafanya hivyo tangu siku ya kwanza unapoisakinisha, bila kukuuliza. Nenda kwenye mipangilio ya faragha, sehemu ya vidakuzi, kisha kwenye orodha ya tovuti zisizohusika na ufutaji, uongeze anwani unayoitaka ikianza na https. Wengi wanakwama hapa kwa sababu tovuti nyingi huingiza watu kupitia anwani nyingine, kwa mfano ile ya akaunti badala ya ile ya barua pepe. Tazama upau wa anwani wakati unaandika nenosiri. Anwani unayoiona hapo nayo iingie kwenye orodha.

Kwenye Mullvad Browser na Tor Browser usihangaike. Hivi vimetengenezwa ili watumiaji wote waonekane sawa na kisibaki kitu baada ya kufunga, kwa hiyo kuvilazimisha vikumbuke akaunti zako ni kuvitumia kinyume na kazi yake. Weka akaunti za kudumu kwenye kivinjari cha pili.

Kisababishi cha pili ni kuzuiwa kwa vidakuzi vya tovuti za pembeni, yaani zisizo ile uliyoifungua. Tangu Juni 2022 Firefox yenyewe huwapa watumiaji wote utaratibu wa kutenga vidakuzi vya kila tovuti kwenye chombo chake, na vitufe vya kuingia kwa akaunti ya kampuni nyingine wakati mwingine vinashindwa kuvuka ukuta huo. Kushusha ngao kwa tovuti hiyo moja kunatosha. Cha tatu ni VPN (huduma inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine) inayobadilisha anwani ya IP, yaani namba ya kifaa chako mtandaoni, katikati ya kazi. Baadhi ya huduma, hasa za kifedha, zikiona anwani imebadilika zinakutoa kwa tahadhari, na zina haki ya kufanya hivyo.

Simama hapa: ukitolewa kwenye akaunti na papo hapo ukapata ujumbe kwamba kifaa usichokijua kimeingia, achana na mipangilio ya kivinjari. Tumia kifaa kingine unachokiamini, badilisha nenosiri, ondoa vifaa vyote vilivyounganishwa na akaunti, kisha wasiliana na wahudumu wa huduma hiyo.

Dalili: kila saa naambiwa nithibitishe mimi si roboti, au naambiwa kivinjari hiki si salama

Mara nyingi mkosaji ni anwani ya IP, na kivinjari kinasingiziwa tu. Watumiaji wa VPN na wa Tor hutoka mtandaoni kupitia anwani inayotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na mmoja wao akifanya fujo, wote mnashukiwa. Zima VPN kwa dakika chache ujaribu. Kama tatizo limeisha, badilisha seva ya VPN. Kwenye Tor Browser omba njia mpya kwa tovuti hiyo.

Kisababishi kinachofuata ni vidakuzi vilivyozuiwa: unafaulu jaribio, lakini matokeo hayahifadhiwi, na ukigeuka unaulizwa tena. Halafu kuna JavaScript, msimbo unaoendesha vitu ndani ya ukurasa. Ukiweka Tor Browser kwenye ngazi ya juu kabisa ya usalama, JavaScript inazimwa kila mahali, na kurasa za uthibitisho haziwezi kupita.

Cha nadra zaidi ni jina ambalo kivinjari hujitambulisha nalo kwa tovuti. Vivaldi ilichoshwa na tovuti zilizokuwa zikiikataa kwa jina lake tu, na mwezi Desemba 2019 ikaanza kujitambulisha kama Chrome kwenye tovuti karibu zote. Brave nayo hujitambulisha hivyo. Msomaji akilijua hilo hukimbilia kiendelezi cha kubadilisha jina la kivinjari. Ninashauri usifanye. Ukiwa na LibreWolf inayodai ni Chrome, injini yake (sehemu inayosoma na kuchora kurasa) bado ina tabia za Firefox, na mkanganyiko huo wenyewe unakuweka peke yako katikati ya umati. Mwaka 2010 EFF, shirika linalotetea haki za watu mtandaoni, lilichapisha matokeo ya utafiti wake juu ya vivinjari karibu nusu milioni, na zaidi ya asilimia 80 viliweza kutofautishwa na vingine vyote kwa sifa zake tu, kama vile fonti na viendelezi, bila kidakuzi chochote. Kila ubunifu unaoongeza ili ujifiche unaweza kuwa ndio unaokutambulisha.

Onyo kubwa: kuna kurasa bandia zinazojifanya jaribio la roboti. Zinakuambia ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Hakuna jaribio halali linalofanya hivyo. Maandishi waliyoyaweka kwenye ubao wako wa kunakili ni amri ya kupakua programu ya kuiba manenosiri, na mtu aliyekwisha kuzoea kuthibitisha mara ishirini kwa siku ndiye anayeingia mtego huu bila kufikiri. Kama umekwisha kubandika na kubonyeza Enter, kata intaneti ya kompyuta hiyo mara moja, badilisha manenosiri kwa kutumia kifaa kingine, na mpe fundi wa usalama wa kompyuta aikague. Usijaribu kuisafisha mwenyewe huku ukiendelea kuitumia.

Dalili: saa zimekosewa, picha zina michirizi, ramani nyeupe, dirisha lina kingo za kijivu

Haya manne nimeyaweka pamoja kwa kuwa asili yake ni moja: kivinjari kinazuia tovuti zisikutambue kwa sifa za kompyuta yako. Kwenye familia ya Firefox mpangilio unaoongoza mengi ya hayo unaitwa privacy.resistFingerprinting, na hupatikana ukiandika about:config kwenye upau wa anwani. LibreWolf, Mullvad Browser na Tor Browser huja nao ukiwa umewashwa.

Chukua mfano wa picha. Unajaza fomu, unachagua picha yako ya pasipoti, na baada ya kuipakia unaona badala ya uso ni mistari myembamba ya rangirangi kutoka juu hadi chini. Faili yako haina tatizo. Tovuti ilitaka kuipunguza picha ndani ya kivinjari kabla ya kuituma, na ili iipunguze ilibidi ichore picha kwenye turubai iliyofichika kisha isome tena nukta zake. Njia hiyohiyo hutumiwa na vifuatiliaji kupima jinsi kadi yako ya michoro inavyochora, basi kivinjari kinajibu kwa kurudisha nukta za kubahatisha. Wengine wamekwisha kutuma maombi yenye picha za namna hiyo bila kutazama. Angalia alama ndogo ya picha inayojitokeza kwenye upau wa anwani, bofya, ruhusu turubai kwa tovuti hiyo, kisha pakia upya. Alama isipotokea, punguza picha kwa programu nyingine kabla ya kuipakia, ili tovuti isihitaji kuichora upya.

Saa inakosewa kwa sababu kivinjari kinaiambia kila tovuti kwamba uko kwenye saa za UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kwa mtu anayesoma habari si kitu. Kwa anayepanga mikutano kwenye kalenda ya mtandaoni ni hatari ya kweli, kwa kuwa mkutano unahifadhiwa kwa saa isiyo yake na walioalikwa wanaipokea hivyo. Unaweza kuzima privacy.resistFingerprinting, ukawasha privacy.fingerprintingProtection, na kwenye privacy.fingerprintingProtection.overrides ukaandika +AllTargets,-JSDateTimeUTC. Hapo unabaki na kinga nyingine zote, lakini saa zinakuwa za kweli. Unachopoteza ni kufanana na wenzako: sasa tovuti zote zinajua ukanda wa saa unaoishi. Mimi naona ni bora kalenda ikae kwenye kivinjari cha pili kuliko kulegeza hiki.

Ramani za pande tatu na michezo hugoma kwa sababu LibreWolf imezima WebGL, njia ya kuchora michoro ya pande tatu kwenye ukurasa. Iwashe kwa muda kwenye mipangilio ya LibreWolf yenyewe, kisha uizime. Kingo za kijivu zinaficha ukubwa halisi wa dirisha lako. Ziache.

Dalili: filamu na muziki wa kulipia havichezi

Karibu kila mara ni Widevine, programu ya Google ya kulinda hakimiliki. LibreWolf imeizima, Brave inakuomba ruhusa kwanza, na ungoogled-chromium haiji nayo kabisa. Kwenye LibreWolf kuna kisanduku cha kuruhusu maudhui yenye ulinzi wa hakimiliki katika mipangilio ya jumla. Ukikiwasha, kivinjari kinapakua sehemu hiyo iliyofungwa, ambayo msimbo wake hakuna mtu wa nje anayeweza kuukagua. Ukubali hilo ukijua. Usipakue faili la Widevine kutoka tovuti yoyote inayodai kukurahisishia kazi.

Dalili: ukurasa haufunguki kabisa, au kuna onyo la cheti

Tazama saa na tarehe ya kifaa kwanza. Tarehe ikiwa imerudi nyuma, vyeti vyote (hati za kidijitali zinazothibitisha kwamba tovuti ni yenyewe) vitaonekana batili, na tiba ni kurekebisha saa tu.

Kisababishi cha pili ni Wi-Fi ya hadharani inayotaka ukubali masharti kwanza. LibreWolf haichunguzi kama mtandao una ukurasa wa namna hiyo, na hali ya kulazimisha HTTPS (mawasiliano yaliyofichwa) inauzuia usijitokeze, basi unaona kama intaneti haipo. Fungua neverssl.com, ambayo haitumii HTTPS makusudi, na ukurasa wa masharti utajitokeza.

Cha tatu ni ukaguzi wa ubatilishaji wa vyeti. Baadhi ya matoleo ya LibreWolf yanakataa ukurasa kama seva ya kukagua cheti haijibu, na kosa linaandikwa SEC_ERROR_OCSP_SERVER_ERROR. Subiri dakika chache ujaribu tena. Cha nne ni programu ya kuzuia virusi inayojiweka kati yako na tovuti ili isome mawasiliano. Bofya alama iliyo kushoto mwa anwani (mara nyingi kufuli) kwenye tovuti inayofunguka na usome jina la aliyetoa cheti: ukikuta jina la programu hiyo ya kuzuia virusi, umempata mkosaji, na kwenye programu hiyo kuna sehemu ya kuzima ukaguzi wa HTTPS.

Simama hapa: onyo la cheti likitokea kwenye benki au barua pepe, saa ya kifaa iko sawa, na ukihamia data ya simu onyo linaondoka, usibofye kitufe cha kuendelea hata kidogo. Kuna uwezekano mtu kwenye mtandao wa kwanza anajiweka katikati. Kama ni mtandao wa ofisi, mwone mhusika wa mitandao.

Dalili: kiendelezi kimekufa ghafla

Kwenye familia ya Chromium, chanzo cha kawaida ni mfumo mpya wa viendelezi uitwao Manifest V3. Google imeviondoa viendelezi vya mfumo wa zamani kwenye Chrome, na uBlock Origin kamili, kizuizi maarufu cha matangazo, ni kimoja cha vilivyoachwa. Kilichobaki ni uBlock Origin Lite, chenye uwezo mdogo zaidi. Firefox na vivinjari vinavyotokana nayo bado vinakubali kile kamili. Brave ina kizuizi chake cha matangazo ndani ya kivinjari chenyewe, hivyo haitegemei kiendelezi.

Kwenye familia ya Firefox, tazama umri wa toleo. Tarehe 14 Machi 2025 cheti cha mizizi cha Mozilla (watengenezaji wa Firefox), kinachotumika kuthibitisha viendelezi, kiliisha muda, na matoleo yaliyo chini ya 128, isipokuwa yale ya msaada wa muda mrefu (ESR) kuanzia 115.13, yalipoteza viendelezi. Jambo kama hilo lilitokea pia Mei 2019, likazima hata NoScript, kiendelezi cha kuzuia JavaScript, ndani ya Tor Browser. Tiba ni kusasisha. Utakutana na ushauri wa kuzima ukaguzi wa sahihi za viendelezi: usiufuate, maana ukaguzi huo ndio unaozuia kiendelezi kilichochezewa kisiingie.

Tatizo lisilo na dalili: masasisho yaliyochelewa

Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote yaliyotangulia, kwa kuwa hakuna mtu analilalamikia. Kivinjari kinafungua kila kitu vizuri, kasi ni nzuri, matangazo hayapo, na tundu la usalama liko wazi.

Mwezi Septemba 2023 liligunduliwa kosa kwenye maktaba ya kufungua picha za WebP, CVE-2023-4863. Picha iliyotengenezwa kwa hila ilitosha kumpa mshambuliaji nafasi, na wavamizi walikuwa wameanza kuitumia. Chrome na Firefox zilitoa marekebisho ndani ya siku chache. Kila kivinjari kilichojengwa juu ya injini zao kililazimika kuchukua marekebisho hayo, kukijenga upya, na kukipeleka kwa watumiaji. Chrome sasa hutoa marekebisho ya usalama kila wiki. Mradi unaoendeshwa na watu wawili watatu kwa kujitolea hauwezi kila mara kwenda na mwendo huo, na ukichelewa, wavamizi wanausoma msimbo uliorekebishwa na kujua hasa pa kupiga.

Kagua hivi. Fungua ukurasa wa kuhusu kivinjari, soma namba ya injini, uilinganishe na toleo la sasa la Chrome au Firefox. Tofauti ya siku chache inavumilika. Wiki mbili wakati kuna tundu linalotumiwa ni nyingi mno. Hamia kivinjari kingine hata kama unakipenda hiki. Kwenye Windows, hakikisha LibreWolf uliisakinisha pamoja na kisasishi chake, la sivyo inabaki palepale hadi uipakue tena kwa mkono. Hakikisha pia mradi uko hai. Kati ya vivinjari vya Android, Bromite ilisimama baada ya toleo la mwisho la Desemba 2022, na Mull ikafungwa Desemba 2024, lakini simu zenye programu hizo ziliendelea kuzifungua kama kawaida.

Mambo mawili zaidi hayaonekani kwa macho. La kwanza ni kutenganisha tovuti, yaani kila tovuti kuendeshwa kwenye mchakato wake ili iliyovamiwa isisome data za nyingine. Chrome ilifanya hivyo kwenye kompyuta mwaka 2018, Firefox mwaka 2021, lakini kwenye Android familia ya Firefox ilichelewa mno kufika hapo. Kwa simu ya Android, basi, kivinjari cha familia ya Chromium kama Brave kina msingi imara zaidi wa usalama, ingawa Firefox inakupa uBlock Origin. Hapo uchague kulingana na unachokiogopa.

La pili ni Safe Browsing, orodha ya Google ya tovuti za utapeli. LibreWolf imeizima kwa sababu ya faragha. Lakini orodha hiyo inahifadhiwa kwenye kifaa chako, na kinachotumwa nje ni kipande kifupi cha alama ya anwani pale tu panapotokea mfanano, si historia yako yote. Brave hupitisha maombi hayo kwenye seva zake ili Google isione anwani yako ya IP. Kama unamwekea LibreWolf mzazi au mtu anayebofya kila kiungo anachotumiwa, iwashe. Nenosiri la benki likiibwa kwenye ukurasa wa kitapeli, hasara yake haifanani kabisa na kile kipande kifupi kilichotumwa.

Dalili: ukurasa wa mwanzo umebadilika, kuna viendelezi nisivyovijua

Kisababishi cha kawaida ni programu ya bure iliyokuja na wenzake wakati wa kusakinishwa. Iondoe kwenye mfumo, ondoa viendelezi vyake, rudisha mipangilio ya mwanzo. Kinachofuata ni kivinjari kilichopakuliwa kupitia tangazo la utafutaji lililoiga tovuti halisi. Hicho kisanidue, kisha pakua kutoka tovuti rasmi ya mradi kwa kuandika anwani mwenyewe.

Ukiona ujumbe kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika, soma about:policies au chrome://policy. Baadhi ya vivinjari huja na sera zake vyenyewe, na hapo hakuna la kuogopa. Ila sera inayolazimisha kiendelezi usichokijua, kwenye kompyuta yako binafsi, na inayorudi kila ukiifuta, ni kazi ya fundi.

Simama kabisa kama unadhani mtu fulani anakufuatilia kwa makusudi: mwenza, mwajiri, au mamlaka. Kubadilisha kivinjari hakutaondoa programu ya kupeleleza iliyo kwenye mfumo, na kuifuta ghafla kunaweza kumshtua aliyeiweka na kupoteza ushahidi. Kwa wanahabari, wanaharakati na watetezi wa haki, shirika la Access Now lina huduma ya msaada wa usalama wa kidijitali saa 24 bila malipo. Wasiliana nao ukitumia kifaa ambacho mshukiwa hajawahi kukishika. Kabla ya kumkabidhi yeyote kompyuta yako, usifute historia wala kusakinisha upya chochote. Andika kwenye karatasi ulichokiona na saa ulipokiona, zima kompyuta, na iache hivyo hadi ifike mikononi mwa mtaalamu.